Maelezo kuhusu Tai Waliokufa Korongoni Nyuma ya Machinjio

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: kama lilivyo kwenye kitambulisho nilichoacha mezani kwa afande. Mtaani naitwa Mama Magunia.
Umri: miaka hamsini na tatu.
Kazi: kushona magunia yaliyotoboka, nje ya ghala la nafaka.
Elimu: darasa la nne, sikumaliza.
Makazi: nyumba ya tatu ukitoka lango la ghala, upande wa machinjio.
Uhusiano na mtuhumiwa: ni mwanangu wa kumzaa.

Afande, shikamoo. Kama mimi ndiye mkubwa, na kwa kukutazama naona ndivyo, basi nirudishie shikamoo nami nikuitikie marahaba. Habari za kazi, habari za hapo kituoni, habari za nyumbani kwako nisikokujua. Kwetu ni wazima. Mama mkwe wangu, yule bibi anayekaa mlangoni akiwauliza wapita njia wanakokwenda, anakusalimu. Miguu tu ndiyo inamsumbua. Mke wa mwanangu anakusalimu ingawa amenuna, na sababu ya kununa nitaifikia. Wajukuu wangu wawili wanakusalimu, yule mkubwa anauliza baba yake huko analala na shuka ya nani. Mwanangu mnaye ninyi, kwa hiyo salamu zake mimi ndiye nazidai.

Umeniambia niandike kwa mkono wangu kama ninavyosema, ila nifuate tarehe. Nashukuru. Nilipokataa kuandikiwa uliniona mkaidi. Si ukaidi, mwanangu. Ni kwamba pikipiki ya Dokta Begi naiona mara nyingi imeegeshwa hapa ukutani kwenu, na nasikia yeye ndiye anatibu mbwa wenu. Sijasema mna ubaya. Nimesema naiona.

Mnamo tarehe 3 mwezi wa nane, asubuhi, punda wetu alianza kuchechemea. Mwanangu anafanya kazi ya mkokoteni, anachukua magunia ghalani na kuyapeleka kwa wenye maduka. Punda tulimpa jina la Mheshimiwa, kwa sababu akisimama barabarani watu wote hungoja. Goti la mbele lilivimba. Mwanangu alitaka kumpumzisha. Mwenye ghala alisema mzigo ukikawia atatafuta mkokoteni mwingine, na mikokoteni ipo mingi inamsubiri mwanangu ateleze.

Tarehe 4, jua halijawa kali, alikuja huyo Dokta Begi. Daktari si daktari, begi analo. Anazunguka na pikipiki, anauza dawa za mifugo na kuchoma sindano. Alilikagua goti, akatoa kichupa cha kioo chenye kizibo cha mpira, akavuta dawa.

Mwanangu akamwambia, "Dokta, si bora apumzike kwanza?"

Akajibu, "Apumzike, halafu jioni mpike hayo mapumziko?" Kisha akanigeukia mimi, "Mama Magunia, kesho huyu atacheza ngoma."

Nikamwambia, "Asicheze. Avute tu."

Nilikuwa nashona, nikatazama kile kichupa. Karatasi yake ilikuwa imekwaruzwa, kama mtu alitumia ukucha au wembe. Nikamwuliza mbona dawa yake imenyolewa. Akacheka, akasema ilisuguana na vitu begini. Mimi kazi yangu ni vitu vilivyochakaa, afande. Kilichosuguana nakijua na kilichokwanguliwa nakijua. Lakini nilinyamaza, maana baada ya sindano punda alianza kukanyaga vizuri, na mwanangu alikuwa anatabasamu.

Alimchoma tena tarehe 5, na tena tarehe 6 asubuhi. Siku hiyo ya mwisho alisema dawa iliyobaki kwenye kichupa atairudia kesho, akakiweka mwenyewe kwenye kopo la chumvi juu ya rafu yetu. Punda alivuta mizigo kama hana goti. Wafanyakazi wa ghala walipokuwa wanatoka kwenda kula, akaanguka mbele ya lango akiwa bado amefungwa mkokoteni. Hakuinuka. Mwanangu ana ndevu na watoto wawili, lakini alikaa chini kwenye vumbi na kichwa cha yule mnyama mapajani, watu wakipita. Mimi nilifungua kamba.

Labda wewe ni mgeni hapa, basi nieleze. Kwetu mnyama aliyekufa kwa ugonjwa haliwi wala hazikwi. Anaburutwa hadi korongoni nyuma ya machinjio, na tai wanamaliza. Ndivyo tulivyofanya tangu naolewa. Hata bwana afya wa kata amewahi kusema hao tai ndio wafanyakazi wake wa kweli, hawaombi likizo wala hawagomi. Wanakaa kwenye ukuta wa machinjio, shingo tupu, mabega juu, utasema wazee wanaosubiri kikao kianze. Kwa hiyo jioni ya tarehe 6 mwanangu na jirani mmoja walimburuta Mheshimiwa hadi korongoni. Mwanangu alimvua hatamu tu. Hakuwa na chupa, hakuwa na pakiti, hakuwa na kitu mkononi isipokuwa hiyo hatamu. Niliwafuata nyuma na nilisimama pale hadi mwisho.

Tarehe 7 tai walishuka. Mbwa wa machinjio nao walikula, kila mmoja upande wake, kama kawaida wakifukuzana.

Tarehe 9 wachinjaji walianza kupiga kelele. Nilikwenda kutazama na wengine. Tai walikuwa wamelala korongoni na kwenye vichaka, na waliokuwa hai walikuwa wamekaa ukutani wameinamisha shingo kama mtu anayesinzia msibani. Mmoja alianguka tukimtazama. Hakupiga mabawa. Mama mmoja alisema ni mkosi. Mwingine akasema, "Mkosi gani? Hiyo ni sumu." Neno hilo likashika. Kufika jioni lilikuwa limeshatafutiwa mwenyewe, na mwenyewe akawa mwenye punda.

Tarehe 10 mlikuja ninyi pamoja na askari wa wanyamapori. Mliingia kwangu, mkapekua, mkakuta sumu ya panya chini ya kitanda. Mkamchukua mwanangu. Alikuwa anakula, hakunawa hata mkono.

Afande, sumu ile ni yangu. Nilipewa na mwenye ghala kwa sababu panya wanatafuna magunia. Pakiti haijafunguliwa, mnayo hapo kabatini, itazameni mtaona. Tena mbwa walikula punda yule yule. Kama mwanangu angemwaga sumu juu ya mzoga, mbwa wangekuwa wa kwanza. Mbwa wapo. Leo asubuhi mmoja wao ameondoka na kipande changu cha sabuni. Sababu ya ndege kufa na mbwa kupona siku hiyo sikuijua, na nisingesema kitu nisichokijua. Nilibaki nayo tu kifuani.

Tarehe 11, mchana, nilikuwa nimekaa kizingitini nashona. Dokta Begi alikuja. Pikipiki aliiacha mbali, kwenye kona, na siku zote huileta hadi mlangoni. Hilo nililiona kwanza. La pili, alileta sukari na sabuni. Mtu huyo hajawahi kuniletea hata salamu.

Akasema, "Pole sana, Mama Magunia. Haya ni mambo ya Mungu."

Nikasema, "Nimepoa. Karibu."

Akasema, "Kijana ataachiwa tu, wewe usihangaike. Usiongee ongee na watu." Kisha, huku anatazama ndani, "Hivi, ile chupa yangu niliiacha wapi?"

Nikamwuliza, "Chupa gani?"

"Ile ya dawa. Nataka niitupe vizuri, watoto wasije wakaichezea."

Maneno yalikuwa mazuri, ila macho yake yalikuwa yameshafika kwenye rafu. Akaingia bila kukaribishwa, akafunua kopo la chumvi, akakuta chumvi.

Chupa niliitoa pale usiku ule ule mliomchukua mwanangu. Sikuwa na sababu ya kueleza mtu. Niliona tu kwamba ninyi mmepekua chini ya kitanda na kwenye nguo, na rafuni hamkugusa, na mimi moyo wangu ukakataa kuiacha pale. Niliiviringisha kitambaa, nikaishona ndani ya pindo la gunia. Gunia lenyewe ndilo nililokuwa nimelikalia, na shazia, hii sindano yetu kubwa, mkononi.

Akauliza, "Mmeitupa?"

Nikasema, "Nyumba hii inatupa vitu vingi, baba. Kaangalie jalalani."

Mama mkwe wangu akaropoka kutoka mlangoni, "Anatafuta nini huyu? Mwambie kama ni dawa ya miguu, mimi ndiye wa kwanza kwenye foleni!"

Hapo alishtuka. Nilimwona kwa macho yangu haya, alishtuka bibi aliposema dawa ya miguu. Akaaga. Akaenda jalalani kweli, nikamwona anapekua kwa kijiti.

Alipoondoka nilimwita mke wa mwanangu, yeye alisoma kunizidi. Tukafumua pindo. Karatasi ilikwanguliwa upande mmoja tu, upande mwingine maandishi madogo yalibaki. Akasoma polepole: diklofenaki. Akaenda kuchukua pakiti ya vidonge vya bibi alivyopewa zahanati kwa ajili ya magoti. Jina ni lile lile. Tulitazamana. Dawa ya watu, ya maumivu. Si sumu. Bibi anaimeza na hajafa, anagombana na mtaa mzima. Basi nikazidi kuchanganyikiwa. Kama ni dawa tu, mbona inafichwa?

Tarehe 12 asubuhi nilikwenda kumwuliza mtu anayejua mambo ya mifugo. Aliniambia nisimtaje, na simtaji. Kwenye kata yetu mwenye kazi hiyo ni mmoja. Nilipoitoa ile chupa kitambaani alinyanyuka, akafunga mlango, akafunga na dirisha, kukawa joto. Nikamwuliza kama nimefanya kosa.

Akasema, "Mama, hii umeipata wapi?"

Nikamwambia yote.

Akasema kwa sauti ya chini, "Dawa hii kwa mnyama imekatazwa. Tulitangaziwa. Inabaki mwilini mwake. Akifa nayo, tai akila ile nyama, figo zake hazihimili. Mtu anahimili, mbwa anahimili. Tai hapana."

Nikamwuliza, "Kumbe mlijua?"

Akasema, "Tulitangaziwa."

Nikasema, "Sisi hatukutangaziwa."

Nilimwomba aje na mimi hapa kituoni. Akasema ana safari. Nilimwomba aandike hata mistari miwili. Akasema kalamu yake imekauka, na mimi naiona kalamu mfukoni, nyingine mezani. Akaniambia, "Mama, mambo haya yana watu. Nenda pole pole." Yana watu gani, hakusema. Nilitoka pale nikimshuku yeye, nikamshuku na mwenye ghala kwa ile pakiti aliyonipa, nikamshuku hata jirani aliyesaidia kuburuta. Mtu mwanawe akiwa ndani hamwoni mwenzake, anaona tu mikono ya watu na kujiuliza imegusa nini.

Sasa nafika leo, tarehe 13, na hapa ndipo nakuomba unisome vizuri.

Jirani yangu wa mlango wa bluu, huyo tunamwita Mama Pacha, ng'ombe wake alikuwa anaumwa mguu. Amekufa alfajiri. Watoto wake wakubwa wakamburuta korongoni hata chai hawajanywa. Mimi nilipata habari bombani.

Nikamwuliza, "Nani alimtibu?"

Akasema, "Si ndiye huyo huyo Dokta Begi! Amemchoma juzi na jana. Pesa yangu imekwenda na ng'ombe amekwenda."

Jana, afande. Siku moja baada ya kuja kutafuta chupa kwangu. Maana yake dawa anayo nyingine begini, na anajua ilichofanya, na bado anaichoma. Aliyoitaka kwangu hakuitaka kwa sababu ya watoto.

Niliacha ndoo bombani. Nilikwenda korongoni mbio, mke wa mwanangu nyuma yangu, Mama Pacha nyuma yake akihema. Ng'ombe alikuwa amelala upande, na tai waliobaki walikuwa wamekaa ukutani. Wamebaki wachache, siku hizi ukuta unaonekana mrefu. Mmoja alikuwa ameshashuka chini, anamwendea kwa kurukaruka.

Niliokota jiwe.

Mama Pacha akanishika mkono. "Wewe, una akili? Waache wale."

Nikasema, "Watakufa."

Akasema, "Si ndiyo? Wafe! Mwanao yuko wapi saa hizi? Si yuko ndani kwa kufuli ya serikali? Wakifa leo nani atasema ni yeye? Kesho unamchukua mwanao, unarudi naye nyumbani. Tupa hilo jiwe."

Nataka uelewe, mwanangu, kwamba nilimwelewa. Alisema kwa kunipenda. Na mimi jiwe lilikuwa mkononi na sikulirusha. Nilisimama. Yule ndege alifika karibu na tumbo la ng'ombe, akageuza shingo akanitazama. Mke wa mwanangu alikuwa nyuma yangu, nilimsikia anapumua. Nilijua anamfikiria mumewe.

Nilifikiri hivi. Tai wa kwanza walikufa na hatukujua. Mwanangu hakujua, mimi sikujua, ndiyo maana naweza kukaa mbele yako na kusema hatukuwaua. Hawa wa leo nikiwaacha, najua. Basi sumu mnayoitafuta nyumbani kwetu mtakuwa mmeipata, na mwenyewe ni mimi. Na mwanangu atatoka kwa jambo ambalo sitaweza kumweleza tukiwa tunakula.

Nikarusha. Sikumpata, ila aliruka. Nikarusha jingine, nikapiga kelele, nikavua kanga nikaipunga. Wakarudi ukutani.

Mke wa mwanangu akasema, "Mama, umewachagua ndege ukamwacha mume wangu."

Nilimwambia anisaidie. Nitasema ukweli kwamba alinisaidia, huku analia. Tulileta magunia yangu yote, yale niliyoshona na yale ambayo bado, na mabati mawili ya banda, tukamfunika ng'ombe, tukaweka miiba na mawe juu. Mama Pacha alitutazama kwanza, halafu akaenda kuleta mlango wa banda lake la kuku, akautupa juu bila kutuangalia. Akasema, "Mwendawazimu hafanyi kazi peke yake."

Mke wa mwanangu nimemwacha pale na fimbo. Mimi nimekuja kwenu kwa miguu na chupa hii, na siiweki mezani mpaka uandike mbele yangu alama zake, na kwamba dawa iliyobaki imefika robo ya chupa, na kwamba nimekukabidhi wewe, si mtu mwingine wa kituo hiki. Usikasirike. Ungekuwa na mtoto ndani ungefanya vivyo hivyo.

Ninachoomba ni kimoja. Huyo ng'ombe ana ushahidi ndani yake. Mtu wenu wa maabara akate ini na figo azipime, aone kama dawa ya chupa hii imo. Ikiwa imo, mtajua punda naye alikuwa nayo, na mtajua begi la nani la kufungua. Lakini jua ni kali. Magunia yanazuia ndege, hayazuii mbwa wala hayazuii kuoza. Mkija kesho mtakuta harufu, na ushahidi wa mwanangu utakuwa umekwisha, na nitakuwa nimewaponya tai bure. Msinitumie neno kwa bwana mifugo wala kwa Dokta. Nitumie mimi, leo leo, upesi, hata kama ni la kukataa, ili nijue kama nimzike ng'ombe au niendelee kumlinda.

Mengine sikuyaona, kwa hiyo sikuyaandika. Niliyoyaona ni haya, na nikiitwa popote nitayarudia jinsi yalivyo.

(Sahihi ya shahidi)

MAELEZO YA AFISA ALIYEPOKEA

Maelezo haya yameandikwa na shahidi mwenyewe mbele yangu, chumba cha upelelezi. Nimemsomea, akarekebisha neno moja, akatia sahihi. Nimepokea kutoka kwake kichupa kimoja cha kioo, kizibo cha mpira, lebo imekwanguliwa upande mmoja, dawa iliyobaki takriban robo. Nimekifunga na kukipa alama mbele yake. Gari la kituo halipo. Mtaalamu wa maabara amepigiwa simu, atatukuta korongoni. Nakwenda na shahidi kwa pikipiki.

Kabla ya kuondoka nilimwambia shahidi kwamba naweza kumfungulia amwone mtuhumiwa kwa dakika chache, kwa kuwa mahabusu ni mlango wa pili. Alisimama akautazama mlango huo. Akasema akimwona hataweza kutoka, na nyama inaharibika. Akatangulia kwenda kwenye pikipiki.